Siku Robo Ilipokuwa Kubwa Kuliko Nusu

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka moyoni mpaka leo, ingawa nywele zangu zimekuwa nyeupe na magoti yananilalamikia nikipanda ngazi. Imenirudia tena wiki hii baada ya mama yako kunipigia simu. Ameniambia umepata nafasi katika chuo cha ualimu na kwamba unasitasita. Akaniomba nizungumze nawe. Sikutaka kuyasema haya kwa simu, maana nakujua. Utaniambia, "Sawa, Mama Mkubwa," kisha uendelee na yako. Kwa hivyo nakuandikia. Soma ukiwa umekaa, na usiwe na haraka.

Nilikuwa na umri kama wako. Kwetu kulikuwa mtaa wa Buruburu, Nairobi, wakati nyumba zile zilikuwa bado zinanukia rangi, na babu yako alikuwa karani wa serikali, mtu wa shati jeupe na viatu vinavyong'aa. Nilikuwa mwaka wangu wa mwisho chuoni, na muhula wa mazoezi ya kufundisha ulikuwa umefika. Chuo kikanipeleka katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Jogoo Road. Nikapewa Hesabu, Darasa la Nne. Watoto walikuwa wengi, wamebanana kwenye madawati, na kelele za barabarani ziliingia dirishani kana kwamba nazo zimesajiliwa pale.

Mwalimu wa darasa hilo aliitwa Bi. Zuhura. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, akaolewa na mwenye duka wa Majengo ya Nairobi, na alianza kufundisha shule ile mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kila asubuhi alivua buibui lake, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akajifunga mtandio vizuri, na kazi ikaanza. Alinipokea kwa upole. Akanionyesha kabati la chaki, akanikabidhi darasa, kisha akaenda kuketi nyuma kabisa na kunyamaza.

Basi nilikuwa nimejiandaa, mwanangu. Nilijiandaa mpaka wenzangu chuoni wakanitania. Azimio langu la kazi, ule mpango wa muhula mzima, lilikuwa safi. Andalio la kila somo nililiandika kwa wino wa rangi mbili. Nilikuwa na chati za karatasi ya manila nilizozichora kwa mkono wangu, maduara makubwa yaliyopakwa rangi, mengine yamegawanywa mara mbili, mengine mara nne, kwa sababu mada yetu ilikuwa sehemu: nusu, theluthi, robo, na jinsi ya kuzijumlisha. Nilifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa. Nilielekeza kijiti kwenye chati, watoto wakaitikia kwa sauti moja. Nilipouliza kama wameelewa, wote walipaza sauti kwamba wameelewa. Nikatoka siku ile ya kwanza nikijiona mwalimu kamili.

Bi. Zuhura alinifuata nje.

"Umemfundisha nani leo?" akaniuliza.

Nilidhani hakuniona vizuri. "Darasa la Nne, Bi. Zuhura."

"Hilo ni darasa. Mimi naulizia mtoto. Nitajie mmoja tu aliyeingia hajui na akatoka ajua. Na uniambie ni kitu gani alikuwa hakijui."

Nikafikiri. Nikamtaja Kamau, mvulana wa dawati la mbele aliyekuwa akiinua mkono kila nilipofungua mdomo.

"Kamau alijua tangu jana. Nitajie mwengine."

Sikuwa na mwingine. Akanishika bega, akasema bila ukali wowote, "Basi leo umesema, mwanangu. Kufundisha bado. Kesho nitakuuliza tena."

Na kweli aliniuliza. Kesho yake, na siku zilizofuata. Sitakuficha, nilimchukia kidogo. Nilijiambia kwamba yule mama amechoka na kazi, ameona kijana anakuja na mbinu mpya na chati za rangi, akaingiwa na wivu. Nikaanza kumtajia majina yoyote yaliyonijia ili aniache niende nikanywe chai. Mara Otieno, mara Njeri, mara Hamisi. Alikuwa akinitazama tu, akitikisa kichwa polepole, halafu ananiacha niende. Alijua namdanganya, na mimi nilijua kwamba anajua.

Katika darasa lile kulikuwa na msichana aitwaye Mwende. Mama yake aliuza mboga sokoni na aliondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, kwa hivyo Mwende alijitayarisha mwenyewe na kumtayarisha mdogo wake. Hata hivyo sare yake ilikuwa safi siku zote. Aliketi karibu na dirisha. Hakuwa na fujo, hakuinua mkono, hakuomba ruhusa ya kwenda nje ovyo ovyo. Mwandiko wake ulipendeza kuliko wangu. Mimi nilimweka moyoni katika kundi la walioelewa, kwa sababu moja tu: hakunisumbua.

Ndipo ikaja ile asubuhi ninayokuambia.

Mtahini alikuja kutoka chuoni, bwana mrefu mwenye miwani, mstaarabu sana. Aliwasalimia watoto, akaketi nyuma kando ya Bi. Zuhura, akafungua kalamu. Alama za siku hiyo ndizo zingeamua kama nitahitimu na wenzangu. Niliibana chaki mpaka ikanivunjikia. Somo lilikuwa kujumlisha nusu na robo. Nilianza vizuri, nikaandika ubaoni, watoto wakaitikia. Kisha, ili tu kupata daraja la kuvukia kwenye hatua inayofuata, nikauliza swali dogo ambalo halikuwa hata kwenye andalio langu: kati ya nusu na robo, ni ipi kubwa?

Nilitaka jibu la haraka, lisilo na hatari. Nikamwelekezea Mwende.

Alisimama. Alitazama dawati lake, akatazama ubao, midomo ikacheza lakini sauti haikutoka. Kamau alikuwa tayari ananyoosha mkono mpaka anakaribia kuanguka kutoka kwenye dawati. Ingekuwa rahisi kumgeukia. Lakini ile midomo ilinizuia. Niliona kwamba mtoto ana neno, ila hana Kiingereza cha kulibeba.

"Sema tu, Mwende," nikamwambia kwa Kiswahili. "Sema vile ungemwambia mtu wa nyumbani."

Akanigeukia. "Mwalimu, si robo ndio kubwa? Nne si inashinda mbili?"

Hakuna aliyecheka, na hicho ndicho kilichonitia baridi. Wewe unawajua watoto wa mitaa yetu ya Eastlands. Mwenzao akisema jambo wanaloliona la kipuuzi, paa linaweza kung'oka kwa kicheko. Siku ile walikaa kimya wakisubiri nimwambie Mwende kwamba amepata. Nikauliza, "Nani anakubaliana na Mwende?" Mkono ukainuka, na mwingine, na mwingine, mpaka nikaacha kutazama. Karibu darasa zima. Wiki zote zile walizokuwa wakiniitikia kwa sauti moja, walikuwa wakiamini kwamba robo ni kubwa kuliko nusu.

Nyuma, kalamu ya mtahini ilikuwa inaandika.

Mwanangu, nataka ujiweke pale nilipokuwa nimesimama. Andalio langu lilikuwa wazi mezani, na hatua iliyofuata nilikuwa naijua kwa moyo: tusawazishe namba za chini, kisha tujumlishe za juu. Kama ningemwambia Mwende aketi na nikaendelea, watoto wangenifuata kama walivyonifuata siku zote. Wangeitikia, wangenakili, kengele ingelia tukiwa tumemaliza, na ningepata alama zangu. Nilimtazama Bi. Zuhura nikitafuta msaada. Yeye alikuwa anatazama nje ya dirisha. Aliniachia mimi uamuzi.

Nikalifunga lile andalio. Nikaenda ukutani, nikabandua chati yangu nzuri, nikachukua mkasi kwenye kabati, nikaanza kuyakata maduara. Darasa zima likavuta pumzi kama watu wanaoona mtu akichoma nguo zake.

"Mwende, njoo hapa mbele. Hii ni chapati. Nyumbani mko wawili tu, wewe na mdogo wako. Kata mpate sawa."

Akakata. Nikampa duara lingine la ukubwa ule ule. "Sasa na hii. Wageni wawili wamepiga hodi, nanyi hamwezi kuwafukuza. Mko wanne. Kata."

Alikata polepole, ulimi umetokeza kidogo kando ya mdomo. Akachukua kipande kimoja cha wanne, akakiweka juu ya kipande kimoja cha wawili. Akakisogeza. Akakiweka tena, kana kwamba karatasi inaweza kubadili mawazo. Halafu akainua uso.

"Aa! Kumbe mkiwa wengi, kila mtu anapata kidogo!"

Hapo ndipo darasa lilipolipuka. Waliruka kutoka kwenye madawati, wakabishana kwa lugha yao ya mtaani, ana kwa ana, wengine wakichana karatasi zao wahakikishe wenyewe. "Na mkiwa mia?" mmoja akauliza. "Utalamba sufuria tu!" mwenzake akamjibu, na kicheko kikawaangusha. Otieno, ambaye nilikuwa nimemtaja kwa Bi. Zuhura kwa uongo, alikuwa amesimama juu ya benchi akimweleza jirani yake kwa nini thumuni ni mbaya kuliko robo ukiwa na njaa.

Kengele ikalia. Hatukuwa tumejumlisha hata sehemu moja.

Mtahini aliniita kando. Hakunipigia kelele. "Mwalimu, lengo la somo lako lilikuwa nini?"

"Kujumlisha sehemu."

"Wamejumlisha?"

"Hapana, bwana."

"Na lugha ya somo?"

"Kiingereza."

Akaandika, akanishukuru, akaondoka. Matokeo yalipotoka, nilikuwa nimeanguka. Wenzangu wangehitimu, nami ningerudia mazoezi muhula mwingine.

Babu yako aliisoma habari ile, akavua miwani. "Wambui," akasema, "umeshindwa na watoto wa Darasa la Nne?" Hakuongeza neno, na afadhali angeongeza. Baadaye alizungumza na rafiki yake, nikatafutiwa kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini, kazi ya kukaa kitini na kwenda nyumbani jioni bila vumbi la chaki. Mama alifurahi. Nikashonewa hata sketi ya kuanzia kazi, ya kijivu, yenye marinda nyuma. Nami nikaanza kuzoea wazo hilo.

Kabla ya kuanza, nilikwenda Majengo kumuaga Bi. Zuhura. Nikuambie ukweli, nilikwenda kutafuta kufarijiwa. Nilitaka aniambie kwamba mtahini alikuwa mtu mbaya. Alinikaribisha ndani, nyuma ya duka la mumewe, akanimiminia chai ya tangawizi na kuniwekea mahamri. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa kusema, "Yule bwana alinionea."

"Hakukuonea," akasema.

Nikaweka kikombe chini.

"Nisikize, mwanangu. Siku ile ulifanya kazi njema, na mimi pale nyuma nilijizuia nisipige kigelegele. Hilo lijue. Lakini jiulize, mbona mtoto alingoja aje mgeni ndipo akwambie asichokijua? Ulikuwa naye wiki zote zile. Ulimuuliza lini?"

Nikamega hamri, nikaliacha sahanini.

"Ulijitayarisha, nami niliona. Ulitayarisha karatasi. Hesabu ulikuwa waijua, ila wale watoto ulikuwa huwajui. Yule bwana aliona somo lisilokuwa na sakafu chini yake, na alama alizokupa ni za zile wiki za nyuma, si za asubuhi ile."

Machozi yalikuwa yananitoka. "Kwa hivyo nifuate ile kazi ya ofisi?"

Akacheka, kicheko cha kumfanya mumewe achungulie kutoka dukani. "Nani kasema? Wangapi wangefunga kitabu mbele ya mkubwa wao kwa ajili ya mtoto mmoja? Moyo unao, mwanangu. Sasa rudi ukajifunze kazi."

Nilirudi Buruburu kwa miguu. Nilihitaji ule mwendo. Sikuwaza juu ya mtahini tena. Niliwaza juu ya Mwende, jinsi alivyokuwa ameketi karibu na dirisha akinakili kwa mwandiko mzuri mambo yasiyomwingia, na jinsi nilivyokuwa nimemshukuru moyoni kwa unyamavu wake. Nilipofika, nikamwambia babu yako kwamba nitarudia mazoezi. Alimaliza kung'arisha kiatu chake. Kisha akasema, "Basi ile sketi mpe mdogo wako." Mama yako aliivaa mpaka ikapauka. Muulize.

Niliomba nirudishwe shule ile ile, na nikarudishwa. Safari hii wiki ya kwanza sikubandika chochote ukutani. Wakati wa mapumziko nilikaa uwanjani na watoto wachache wachache, nikiwauliza maswali na kuwaacha waseme wanavyosema. Nikagundua mambo ambayo hakuna kitabu kingeniambia. Mmoja aliamini sifuri si namba, kwa sababu huwezi kuishika. Mwingine hakuweza kutoa ubaoni, lakini ukimtuma kioski hakuna mtu angemdanganya chenji. Msichana mmoja alikuwa hafahamu kwa sababu alikuwa haoni ubao na aliona haya kusema. Nikaanza kupanga masomo yangu kutokea hapo. Bi. Zuhura aliponiuliza nimemfundisha nani, nilikuwa na jina, na nilikuwa na habari ya jina hilo.

Mtahini mwingine alikuja, mama mmoja mnene mwenye kikohozi. Siwezi kukusimulia somo la siku hiyo kwa sababu hakuna kilichotokea. Nilifundisha, wakaelewa, waliokwama nilijua watakwama wapi, kengele ikalia. Nikapita. Nimekuja kujua kwamba masomo mengi mazuri hayana kisa cha kusimulia.

Utaniuliza Mwende aliishia wapi. Sijui. Mwaka huo huo mama yake alihamia mtaa mwingine, naye akahamishwa shule. Sijui kama alikuja kuipenda Hesabu. Sijui kama ananikumbuka. Kazi yetu ina hilo pia, mwanangu, na ni vizuri ulijue mapema: utawapandisha watu ngazi moja au mbili, kisha watapotelea mjini, nawe utaanza tena na wengine.

Mimi niliendelea. Nilingoja kuajiriwa kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, nikafundisha kwa mikataba midogo midogo. Nilisoma wakati wa likizo nikapata diploma, wenzangu wakienda kwao kupumzika. Nilihamishwa, nikafundisha karibu na mtaa wa Donholm, nikawa naibu wa mwalimu mkuu, na miaka ya mwisho nikawa mkuu mwenyewe. Hata nikiwa ofisini nilishikilia darasa moja la Hesabu, maana nilimwona mwalimu mmoja baada ya mwingine akipandishwa cheo na kusahau sura ya mtoto aliyekwama. Bi. Zuhura alistaafu, akarudi kwao Mombasa, na huko ndiko alikozikwa. Nilisafiri kwenda kutoa rambirambi. Nyumba ilikuwa imejaa watu wazima waliomwita mwalimu.

Sasa nirudi kwako. Mama yako anasema unaogopa mambo mawili: mshahara mdogo, na kungoja ajira. Yote mawili ni kweli na mimi si wa kukuficha. Ukiona kuna kazi nyingine inayokuita, ifuate. Sitakununia, na chai kwangu utanywa kama kawaida. Ualimu haumfai mtu aliyesukumwa kuuingia, na watoto humtambua mtu huyo mapema kuliko mkaguzi yeyote.

Lakini ukienda, nenda hivi. Lijue somo lako vizuri, lijue kupita kitabu, kwa sababu mtoto atakuuliza swali ambalo mwandishi wa kitabu hakuliwaza. Kisha mjue mtoto kabla hujamfundisha. Chuoni watakufundisha kuandaa, nawe uandae, usidharau hata mstari mmoja wa andalio. Ila kumbuka kwamba maandalizi yanaanza kwa kuuliza na kusikiliza. Siku hizi una simu inayoweza kukuletea picha na video za kila aina, nami ningezifurahia kama ningekuwa nazo. Zitumie. Lakini mtoto aliyeduwaa mbele ya picha nzuri bado hajakuambia anachofikiri.

Wakizungumza kwa Sheng, ile lugha yao ya mtaani, usiwakate kauli. Wazo la mtoto hutoka kwanza kwa lugha aliyonayo. Liache litoke, ulione, halafu umpe maneno sanifu ya kulivalisha, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Atahitaji yote mtihanini na maishani. Na mtoto mtulivu mwenye daftari safi, nenda ukakae naye. Mwenye fujo atakuja kwako mwenyewe.

Mitaala itabadilika. Mimi nimefundisha zaidi ya mmoja, na kila mmoja uliletwa kwa hotuba. Usijifanye hujui kitu kila mtaala mpya unapoletwa, wala usijifanye huo mpya hauna kitu. Endelea kusoma, hata ukiwa umechoka. Tafuta mwalimu mzee mmoja atakayekuuliza maswali usiyoyapenda, na siku akikuambia kwamba aliyekuangusha hakukuonea, usiondoke kwake. Maliza chai yako, umsikilize mpaka mwisho. Ukianguka, rudia. Aibu ya kurudia muhula ni fupi sana ikilinganishwa na miaka utakayofundisha.

Na ukifika siku ya kuchagua kati ya kumridhisha anayekutazama kutoka nyuma ya darasa na kumsaidia aliyesimama mbele yako hajui la kusema, tayari unajua mimi nilichagua nini, na unajua kilinigharimu. Ningechagua tena vile vile.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe sauti isiyokauka, na masikio yenye nguvu kuliko hiyo sauti. Akupe wakubwa wenye haki na wenzako wenye utu. Asikunyime riziki. Na akupe darasa ambalo kila mtoto, hata mdogo wao kabisa, anaweza kusimama bila hofu akakuambia, "Mwalimu, hapo sijaelewa."

Amina.